Sifuri kwa kazi iliyochelewa si nidhamu, ni urasimu

Kila muhula unapokaribia kwisha katika vyuo vikuu vya nchi hii, lalamiko moja hurudi kama masika. Mwanafunzi amepewa kazi ya kuandika. Ameifanya, ameimaliza na ameifikisha. Lakini ameifikisha saa 6:20 usiku, ilhali mwisho uliotangazwa ulikuwa saa 5:59. Mwalimu haifungui. Katika orodha ya alama inaandikwa sifuri, na sifuri hiyo inafanana sawasawa na ile ya mwenzake ambaye hakuandika hata neno moja muhula mzima.

Wenye kuitetea adhabu ya namna hiyo huiita nidhamu. Jina ni zuri, na hakuna mzalendo anayeipinga nidhamu. Lakini jina zuri halikifanyi kitendo kuwa chema. Adhabu isiyotofautisha kati ya aliyechelewa na aliyegoma, kati ya dakika 20 na wiki 3, kati ya mgonjwa na mzembe, haistahili kuitwa nidhamu. Huo ni urasimu uliovaa joho.

Wala jambo hili lisidhaniwe kuwa ni dogo, la vijana kulalamikia alama mbili tatu. Katika vyuo vingi vya hapa nchini, alama 40 katika kila 100 za somo hutokana na kazi za muhula, yaani majaribio, insha, mazoezi na kazi za vikundi; 60 zilizobaki hutokana na mtihani wa mwisho. Na ichukuliwe kazi moja tu yenye alama 15 katika hizo 40. Mwanafunzi ameifanya kwa kiwango cha kupata 11. Katika kazi nyingine za muhula amepata 12 kati ya 25, na katika mtihani wa mwisho amepata 26 kati ya 60. Jumla yake ni 49, naye amefaulu, maana kiwango cha kufaulu kinachotumika mahali pengi ni 40. Iondolewe ile 11 kwa sababu ya dakika 20, jumla inakuwa 38. Ameanguka. Mtu ambaye elimu yake imepimwa ikaonekana ni ya 49 anaandikiwa kwamba hajui somo.

Kutoka hapo gharama huanza kuhesabika. Kuna mtihani wa marudio, kuna nauli ya kurudi chuoni, kuna kodi ya chumba na chakula cha wiki kadhaa ambazo hazikuwa katika bajeti ya mzazi. Wengine huachwa nyuma na wenzao siku ya mahafali. Hiyo ndiyo bei ya dakika 20. Hakuna soko lolote nchini, hata lile la walanguzi, ambalo dakika 20 zimewahi kuuzwa ghali namna hiyo.

MIZANI HAINA SAA

Kosa la msingi katika adhabu hii ni kuchanganya mambo mawili yasiyochanganyika. Alama ni kipimo cha ujuzi. Kuchelewa ni kosa la mwenendo. Kipimo cha ujuzi kinajibu swali hili: mtu huyu anajua nini na anajua kwa kiasi gani? Adhabu ya mwenendo inajibu swali jingine kabisa: mtu huyu ametimiza ahadi yake kwa wakati? Anayejibu swali la kwanza kwa kutumia jibu la pili anatoa ushahidi wa uongo, hata kama hakukusudia.

Mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa analielewa jambo hili bila kufundishwa. Anaichambua pamba yake, safi mbali na fifi mbali, anaipeleka kwenye kituo cha chama chake cha msingi. Akifika jua limekuchwa, karani anaweza kumwambia alale pale asubiri zamu ya kesho. Anaweza hata kumkaripia. Lakini hana mamlaka ya kuitazama pamba safi na kuiandika kuwa ni fifi, na bado zaidi hana mamlaka ya kuiandika kuwa ni majivu, eti kwa sababu imefika jioni. Mzani haujui saa. Mzani unajua uzito. Karani atakayefanya vinginevyo ataitwa mwizi, na mkutano mkuu wa chama utamwondoa.

Basi kwa nini lile ambalo ni wizi kituoni liwe nidhamu chuoni?

Hasara yenyewe haimwangukii mwanafunzi peke yake. Taifa linayasoma matokeo ya vyuo vikuu ili lijue nani apewe daraja alijenge, nani apewe wodi aisimamie na nani apewe darasa alifundishe. Ikiwa mhandisi ameandikiwa alama hafifu katika hesabu za majengo, mwajiri ataamini kwamba mhandisi huyo hajui hesabu za majengo. Kumbe anazijua, siku moja tu aliwasilisha kazi yake usiku wa manane. Na mwenzake asiyezijua vizuri lakini hakuchelewa kamwe anaonekana bora kuliko yeye. Hati ya matokeo iliyojaa adhabu zilizofichwa ndani ya alama ni sawa na pishi lililotobolewa chini: kila anayepimia anadanganyika, mnunuzi na muuzaji.

JASHO LA WAKULIMA

Wapo wanaodai kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu anasomeshwa kwa jasho la wakulima na wafanyakazi, kwa hiyo hana haki ya kudekezwa. Nusu ya kwanza ya hoja hii ni kweli tupu. Elimu ya juu ya nchi hii ilizaliwa mikononi mwa wananchi. Kitivo cha Sheria, kilichokuwa mbegu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza mwaka 2007, ukumbi wa Chimwaga, uliokuwa wa mikutano ya Chama Cha Mapinduzi, ulitolewa ili vijana wapate mahali pa kusoma. Na tangu Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 ilipounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, fedha za umma zimeendelea kuwasomesha maelfu kwa maelfu ya watoto wa makabwela.

Lakini maadam ni jasho la wakulima, ndiyo sababu hasa ya kutolichezea. Mkulima aliyetoa kodi yake ili kijana asome hakutoa ili kazi iliyokwisha kufanywa itupwe bila kusomwa. Insha iliyochukua wiki 2 kuandikwa ni mazao. Kuitupa kwa kuwa imechelewa saa moja ni kuchoma ghala ili kumfundisha mlinzi asisinzie. Na kumlazimisha kijana arudie somo ambalo tayari amelielewa ni kutumia fedha ya umma mara mbili kununua kitu kilekile. Anayelihurumia jasho la mkulima hawezi kuifurahia hasara hiyo.

Nusu ya pili ya hoja hiyo, kwamba haki ni kudekezwa, ni upotoshaji. Hakuna anayedai kwamba kuchelewa kusiwe na adhabu. Atakayefanya kazi benki, hospitalini, bandarini au shambani lazima ajifunze kuheshimu wakati. Chelewa chelewa, wahenga walisema, utamkuta mwana si wako. Linalodaiwa ni kwamba adhabu ilingane na kosa. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya haki, nayo inajulikana hata barazani kwa wazee wa kijiji: mbuzi akila mhogo wa jirani, mwenye mbuzi hulipa mhogo, hanyang'anywi shamba.

Ikumbukwe pia shabaha ya kazi za muhula. Elimu ya Kujitegemea, aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilionya juu ya elimu inayomtukuza mtu kwa sababu tu ya kushinda mtihani. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likatilia mkazo kwamba haifai maisha ya mtu yaamuliwe na saa chache za mtihani wa mwisho, bali kazi zake za kila siku nazo zihesabiwe. Kazi za muhula zina shabaha hiyohiyo: kumwona mwanafunzi akijifunza, akikosea, akirekebishwa na kusonga mbele. Kanuni ya sifuri inaipindua shabaha hiyo. Inaigeuza kila kazi ya kujifunzia kuwa mtego mwingine wa saa moja, na mwanafunzi anaacha kuuliza, "Nimeelewa?" anabaki kuuliza, "Nimewahi?"

WALIOWAHI NAO WANA HAKI

Iko hoja nyingine, nayo ni ya heshima kuliko ile ya kwanza. Inasemwa kwamba aliyechelewa amepata muda zaidi ya wenzake waliojinyima usingizi ili wawahi. Kumpa alama zake zote ni kuwadhulumu waliotii. Hoja hii ni ya kweli na haipaswi kupuuzwa. Bila ya kutoza chochote, ahadi ya tarehe haina maana, na mtiifu anaonekana mjinga.

Lakini hoja hiyohiyo, ikifuatwa mpaka mwisho wake, inaiua sifuri. Ikiwa kazi ilipewa siku 14 na mwanafunzi ametumia 15, faida aliyojipatia ni siku 1 juu ya 14. Haki ya wenzake ni kwamba faida hiyo irudishwe. Kumpokonya kazi yote ya siku 15 si kurudisha faida, ni kulipiza kisasi. Na waliowahi hawapati chochote katika kisasi hicho. Alama yao haikui kwa sababu ya mwenzao kuangamizwa.

Mpaka wa kweli upo mahali pamoja: siku mwalimu anaporudisha kazi zilizosahihishwa au anapoyatangaza majibu. Baada ya hapo, kupokea kazi ileile ni kualika unakili, na kukataa ni halali kabisa. Kabla ya hapo, kazi bado ni kazi, nayo inaweza kupimwa.

KUKATA ALAMA KWA UPANGA MMOJA

Vyuo na idara nyingine zimeiacha sifuri, badala yake zinakata alama kwa kila siku ya kuchelewa. Hiyo ni hatua mbele, lakini hata huko kuna dhuluma iliyojificha katika hesabu.

Ichukuliwe kanuni inayokata alama 10 kwa kila siku. Wanafunzi wawili wamechelewa siku 2 kila mmoja. Wa kwanza kazi yake ilistahili 72, inakuwa 52. Wa pili kazi yake ilistahili 46, inakuwa 26. Kwa madaraja yanayotumika katika vyuo vingi nchini, wa kwanza ameshuka kutoka A hadi B, lakini bado amefaulu vizuri. Wa pili ametoka katika kufaulu akaingia katika kuanguka kusiko na shaka. Kosa ni moja, muda ni mmoja, kanuni ni moja kwa maandishi. Lakini mmoja ameshuka ngazi na mwingine ametupwa nje ya nyumba. Na aghalabu huyo wa pili ndiye aliyetoka katika shule isiyo na maktaba wala maabara, ndiye anayehitaji muda zaidi wa kuielewa lugha ya vitabu, na ndiye ambaye Chama kiliahidi kumwinua.

Sasa ichukuliwe kanuni inayokata asilimia 5 ya alama alizostahili mwanafunzi kwa kila siku. Wa kwanza, mwenye 72, anabaki na 64.8. Wa pili, mwenye 46, anabaki na 41.4. Kila mmoja ametoa fungu moja katika kumi ya alichovuna. Wote wameadhibiwa, wote wameumia, wala hakuna aliyeambiwa uongo kwamba hajui somo. Hivyo ndivyo haki inavyopimwa.

Dosari nyingine ni ya ngazi. Kanuni nyingi huhesabu dakika 1 ya kuchelewa kuwa ni siku nzima. Basi aliyechelewa dakika 1 na aliyechelewa saa 23 wanatozwa sawa. Na huyo wa kwanza, akili yake ikiwa timamu, ataona kwamba akishapitwa na dakika 1 hana sababu ya kuharakisha tena mpaka kesho yake. Kanuni iliyokusudiwa kufundisha kuwahi inafundisha kuchelewa. Aidha, pale kazi inapotakiwa kwa karatasi mkononi siku ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili huhesabiwa kuwa siku za kuchelewa ilhali ofisi imefungwa kwa kufuli. Huko ni kumtoza mtu faini kwa kutopita katika mlango ambao chuo chenyewe kimeufunga.

SAA YA NANI?

Yapo pia mambo ya hali halisi ya maisha ambayo waandishi wa kanuni, wakiwa katika ofisi zenye umeme wa jenereta, huyasahau.

Kwanza ni saa yenyewe. Tangazo la Kiingereza likisema kazi iletwe saa 12 mchana, Mswahili anajua hiyo ni saa 6. Lakini linapotafsiriwa kwa mdomo darasani, likapitishwa na kiongozi wa darasa, likafika kwa wasiokuwepo, "saa 12" inageuka kuwa jioni. Na "usiku wa manane wa Ijumaa" ni usiku upi: unaoingia Ijumaa au unaotoka Ijumaa? Tangazo lenye tafsiri mbili haliwezi kuzaa adhabu moja.

Pili ni umeme na mtandao. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 nchi ilikuwa katika mgawo wa umeme. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Majanga ya namna hiyo hayampigi kila mtu kwa uzito mmoja. Mwenye kompyuta yake, kifurushi kikubwa na wazazi wenye jenereta hata hatambui kwamba kuna shida. Mwenzake aliyepanga chumba Changanyikeni au Msewe pamoja na wengine watatu anaandika kwa zamu kwenye kompyuta moja, kisha anakwenda kupanga foleni steshenari ili achapishe. Umeme ukikatika saa 2 usiku, mmoja anaendelea na mwingine anaingia katika kosa. Kanuni inayodai kutomtazama mtu usoni inaishia kumtazama mfukoni.

Tatu ni ruhusa ya kuongezewa muda. Mara nyingi haitolewi kwa kanuni, inatolewa kwa uso. Anayejua kusema na wakubwa, aliyelelewa katika nyumba ambayo maprofesa huja kunywa chai, anaingia ofisini bila woga na kutoka na siku 3. Mtoto wa mvuvi wa Ukerewe aliyefika chuoni akiwa wa kwanza katika ukoo wao hathubutu hata kubisha hodi. Amefundishwa kwamba mkubwa hasumbuliwi. Heshima yake inakuwa ndiyo adhabu yake.

Nne ni msiba na ugonjwa. Wako wanaomtaka aliyefiwa alete cheti cha kifo, na wanaohesabu baba na mama tu kuwa ndio wafu wanaostahili kuliliwa. Ni desturi ya nani hiyo? Katika nchi hii shangazi na mjomba ni wazazi, na mtu haulizwi cheti kaburini. Vivyo hivyo mwenye homa kali hupona au huzidiwa kitandani kabla hajafika kituo cha afya kutafuta karatasi yenye mhuri. Mama anayenyonyesha na anayesoma hana mhuri wowote wa kuonyesha kwamba mtoto alikesha akilia.

SHERIA ZA NCHI ZINASEMAJE?

Watetezi wa sifuri husema kwamba tarehe ya mwisho ni tarehe ya mwisho. Sheria za nchi hazisemi hivyo hata katika mambo mazito zaidi. Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 inaweka siku za kufungua mashauri na rufani, lakini inaipa mahakama uwezo wa kuongeza muda katika rufani na maombi pale inapoonyeshwa sababu ya msingi. Mtu anayegombea nyumba au shamba la urithi husikilizwa anapoeleza kwa nini rufani yake imechelewa. Mlipa kodi anayechelewa hutozwa riba na adhabu. Hakuna ofisa anayemwambia kwamba fedha zake zimegeuka karatasi tupu.

Zaidi ya hayo, Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufani pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika. Mwalimu anayempokonya mwanafunzi alama za muhula bila kumwuliza neno, na bila ya kuwapo mtu wa pili wa kukatiwa rufani, amekuwa mlalamikaji, shahidi, hakimu na bwana jela kwa wakati mmoja. Madaraka ya namna hiyo hapewi hata waziri.

Na wasije wakadai kwamba ukali huu ndio viwango vya kimataifa. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza kilitahini kwa shahada za Chuo Kikuu cha London, na mengi katika taratibu za mitihani ni urithi wa siku hizo. Lakini vyuo vingi vya Uingereza yenyewe leo hukata alama kidogo kidogo kwa siku za kwanza kabla ya kufikia sifuri, na England na Wales zina chombo huru kinachopokea malalamiko ya wanafunzi dhidi ya vyuo. Katika vyuo vya Marekani wako walimu wengi wanaompa kila mwanafunzi siku chache za akiba kwa muhula, azitumie bila kuomba. Kung'ang'ania ukali ambao mwenye nao amekwisha kuulegeza ni kasumba ya aina yake.

MKUKI KWA NGURUWE

Haiwezekani kulizungumzia jambo hili bila kuigusa saa ya upande wa pili. Mwanafunzi hutakiwa kuwasilisha kwa dakika. Je, kazi yake hurudishwa lini? Ziko kazi zinazorudi baada ya mtihani wa mwisho, wakati maoni ya mwalimu hayawezi tena kumsaidia mtu. Ziko zisizorudi kabisa, ila alama peke yake hubandikwa ukutani. Wala hakuna anayekatwa asilimia 5 ya mshahara kwa kila siku ya kuchelewa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Ni lazima isemwe kwa haki kwamba walimu wengi hawafanyi hivyo kwa uvivu. Mhadhiri mmoja kusahihisha insha za mamia ya wanafunzi, huku akifundisha, akitafiti na kusimamia tasnifu, ni mzigo ambao chuo na Serikali wanapaswa kuupunguza kwa kuajiri wasaidizi wa kutosha. Na ni kweli kwamba kazi zinazofika kwa vipande vipande humvurugia ratiba. Lakini hoja hiyo inadai kuwe na utaratibu, haidai ukatili. Mwalimu anayeomba aeleweke kwa sababu ya mzigo wake ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuelewa kwamba mwanafunzi mwenye masomo 5 na kazi 5 zinazodaiwa katika wiki moja naye ana mzigo.

YAFANYIKE HAYA

Malalamiko yasiyo na njia ya kutokea ni kelele. Seneti za vyuo vikuu zina uwezo wa kurekebisha jambo hili katika kikao kimoja, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005 kusimamia ubora wa elimu ya juu, inaweza kuweka msingi mmoja kwa vyuo vyote. Yanayotakiwa ni haya:

Kwanza, kila chuo kiwe na kanuni moja ya adhabu ya kuchelewa, si kila mwalimu na yake. Iandikwe kwa lugha nyepesi, itolewe wiki ya kwanza ya muhula, na itaje tarehe na saa bila utata.

Pili, adhabu iwe asilimia ya alama alizostahili mwanafunzi, nayo ipande pole pole: asilimia 5 kwa kila siku ya kazi, mpaka siku 5. Kuchelewa kwa chini ya saa 1 kuhesabiwe kuwa onyo. Sifuri ibakie kwa asiyeleta kazi, au anayeleta baada ya majibu kutolewa.

Tatu, kazi iliyostahili kufaulu isiangushwe na kuchelewa peke yake, ilimradi imeletwa katika siku hizo 5.

Nne, kila mwanafunzi awe na siku 3 za akiba kwa muhula, azitumie kwa homa, msiba au dharura bila kuomba wala kuleta mhuri. Shida kubwa zaidi ya hapo ndiyo ipelekwe kwa maombi na ushahidi.

Tano, umeme wa chuo au mtandao wake ukikatika siku ya mwisho, muda uongezwe kwa wote papo hapo, pasipo mtu kujieleza.

Sita, pawepo rufani kwa mtu asiyekuwa yule aliyetoa adhabu, na jibu litolewe kwa maandishi katika siku 7.

Saba, walimu nao wawekewe muda wa kurudisha kazi zikiwa na maoni. Kazi ya kwanza isiporudi, tarehe ya kazi ya pili isogezwe mbele.

Katika hayo saba hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya wala fedha za kigeni. Kinachohitajika ni nia.

Serikali za wanafunzi nazo zina wajibu. Zisingoje mpaka mwenzao aanguke ndipo ziandike barua. Zidai kanuni mapema, na kanuni ya haki ikishapatikana, ziwe za kwanza kuwakemea wavivu watakaotaka kuigeuza kichaka cha kujifichia. Siku 3 za akiba zinazotumika kwa ulevi ni wizi wa imani ya umma, na anayezitumia hivyo anawafungia mlango wadogo zake wanaokuja.

Taifa linalotaka vijana wanaoheshimu wakati halina budi kuwaonyesha kwanza kwamba wakati wao, nguvu zao na kazi ya mikono yao vinaheshimiwa. Kijana aliyeadhibiwa kwa haki hutoka akijua kwamba sheria ni ngao ya wote. Aliyeadhibiwa kwa ukatili hutoka akijua kwamba sheria ni fimbo ya mwenye nguvu, na siku atakapopewa ofisi, atawachapa wananchi kwa fimbo hiyohiyo. Vyuo vikuu vichague ni kijana yupi vinataka kuwarudishia wakulima waliovijenga.